Rambirambi kwa Ng'ombe Walio Hai

Mfumo niliouandika mimi ulikuwa mmoja tu, na ulikaa kwenye kompyuta moja, ndani ya chumba kimoja kule Nyasura, mjini Bunda. Ulikuwa mali ya ushirika wetu mdogo wa wafugaji. Kazi yake haikuwa ya ajabu. Kila ng'ombe alikuwa na namba kwenye hereni ya sikio, na ukiingiza ile namba unaona mwenye ng'ombe ni nani, amechanjwa nini, aliogeshwa lini mara ya mwisho, na kama bado yupo au ameshachinjwa. Siku ya mnada tulichapa cheti cha afya, mnunuzi anakisoma, anaridhika, ng'ombe anapanda lori. Uliendelea hivyo miaka kadhaa na hakuna aliyewahi kuusifu, kama vile hakuna anayekisifu choo kwa kuwa na mlango.

Kisha akaja Daktari.

Hakuwa daktari wa watu wala wa mifugo, ingawa wiki ya kwanza wafugaji walimletea mbuzi anayeharisha, naye akarudi nyuma hatua kadhaa akifunika pua kwa tai. Alikuwa amesoma nje, akarudi na shahada ya juu kabisa ya kompyuta, na sasa alifundisha kwenye chuo ambacho sitakitaja. Alikuwa na utafiti wenye ufadhili, na utafiti huo ulihusu kitu kinachoitwa maikrosavisi.

Nieleze, maana mimi nilielezwa mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Badala ya kuandika programu moja inayofanya kila kitu, unaivunja kuwa huduma ndogo ndogo. Kila huduma ina kazi yake moja, inaishi peke yake, ina mashine yake ikibidi, na zote zinaulizana kwa mtandao. Faida yake ni kwamba moja ikianguka, nyingine zinaendelea. Kampuni kubwa za dunia, zenye wateja wengi kuliko watu wa mkoa wetu wote, zinafanya hivyo, tena kwa sababu nzuri. Sisi tulikuwa na ng'ombe.

"Huu mfumo wako ni jabali," Daktari aliniambia siku ya kwanza, akiinamia kompyuta yangu kama mtu anayekagua jino bovu. "Kila kitu kimo humo humo. Likipasuka, limepasuka lote."

"Halijawahi kupasuka, Daktari."

"Hilo ndilo tatizo, dada. Halijapimwa."

Nilitaka kumwambia kwamba Musoma, alikopanga nyumba, watu wamejenga katikati ya majabali na majabali yako pale pale, watoto wanaanikia juu yake sare za shule. Lakini alikuwa ameshaniajiri kuwa msaidizi wa utafiti, na kusema kweli jambo lenyewe lilinivutia. Nilikuwa nimeandika peke yangu kwa muda mrefu, nikijibizana na feni. Sasa kulikuwa na mtu wa kubishana naye.

Tulianza na semina, Musoma, kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa. Daktari alibandika ukutani karatasi za rangi nne, akatugawia kalamu, akauliza, "Ng'ombe ni nini?"

Bwana mifugo wa kwetu, mtu mnene asiyependa viti vya plastiki, aliona kama anategewa. "Ng'ombe ni ng'ombe," akasema.

"Hapana. Ng'ombe ni mkusanyiko wa majukumu."

Bwana mifugo aliandika hilo kwenye kiganja, akasema atawasomea wanawake wa Butiama wanaokamua alfajiri, wajue wanakamua nini.

Kufika saa ya chakula, ng'ombe alikuwa ameshagawanywa vizuri kuliko buchani. Kulikuwa na Huduma ya Utambulisho, inayojua kwamba ng'ombe yupo. Hiyo iliwekwa kwenye mashine Butiama. Huduma ya Umiliki ilibaki Bunda. Huduma ya Chanjo ilikwenda Musoma. Kulikuwa na Huduma ya Vifo, Huduma ya Vyeti, na hata Huduma ya Rangi, iliyozaliwa kwa sababu mwanafunzi wake mmoja wa uzamili alikuwa anahitaji sura ya tatu ya tasnifu yake. Mashine zilisambazwa miji mitatu makusudi, ili utafiti upime jinsi huduma zinavyozungumza zikiwa mbali. Yaani ng'ombe amesimama Bunda, lakini kujua kwamba amesimama, inabidi uulize Butiama.

Huduma ya mwisho ilikuwa ya Daktari mwenyewe, na aliipenda kama kitinda mimba. Aliiita Huduma ya Rambirambi. Ng'ombe akiandikwa amekufa, mwenye ng'ombe anatumiwa ujumbe wa simu wa kumpa pole.

"Inaongeza utu kwenye mfumo," alisema.

Miezi iliyofuata tuliandika. Mimi ndiye niliyeandika sehemu kubwa, na nilikuwa naandika vizuri, nisijipunje. Ila kuna kanuni moja tulibishana juu yake asubuhi nzima. Huduma ya Vifo, kabla ya kujibu lolote, ilitakiwa kuuliza Butiama: huyu ng'ombe yupo? Daktari aliagiza kwamba isipopata jibu upesi, ihesabu kuwa hayupo.

"Kutojibiwa na kutokuwepo ni kitu kimoja?" nikamuuliza.

"Kwa hatua hii ya utafiti, ndiyo."

"Na ng'ombe asiyekuwepo?"

"Amekufa. Kimantiki."

Nikaandika kama alivyoagiza. Lakini lile jabali sikulizima. Nililihamishia kwenye laptopu yangu, nikaendelea kulilisha taarifa kila wiki, kwa mazoea kidogo na kwa kutoamini zaidi.

Siku ya kuonyesha kazi ilipangwa iwe siku ya mnada, Bunda. Walikuja wageni wa wafadhili, watatu, wamevaa viatu vya kupandia milima kwenye uwanja tambarare wenye mavi ya ng'ombe. Daktari alikuwa na skrini kubwa chini ya turubai, na juu yake mchoro wa huduma zote, visanduku vya kijani vilivyounganishwa kwa mishale. Kisanduku kikiwa kijani, huduma iko hai. Uwanja ulijaa: wafugaji wa Bunda na Butiama, madalali, mama lishe na masufuria yao, wanunuzi wa kutoka Mwanza wenye fimbo na miwani ya jua.

Asubuhi ilikwenda salama. Halafu umeme ukakatika Butiama.

Kulikuwa na betri ya akiba, ilinunuliwa kwa ajili hiyo hasa. Lakini ilikuwa imechukuliwa kuendeshea spika za Daktari pale uwanjani. Kisanduku cha Utambulisho kikageuka chekundu. Huduma ya Vifo ikauliza Butiama, ikakosa jibu, ikauliza juu ya ng'ombe mwingine, ikakosa jibu, mpaka orodha yote ikaisha. Na kwa jinsi tulivyoiagiza, ng'ombe wote wa ushirika wakafa.

Nilijua kwa kusikia. Simu moja ililia, halafu nyingine, halafu uwanja mzima ukawa unalia mifukoni. Huduma ya Rambirambi ilikuwa inafanya kazi bila dosari. Mwenye ng'ombe watatu alipata pole tatu. Mwenye zizi kubwa simu yake iliita mpaka ikawa moto. Ujumbe nilikuwa naukumbuka kwa moyo, maana Daktari aliupitisha kwa wataalamu wawili wa lugha: "Ndugu mfugaji, tunakupa pole kwa kuondokewa na mfugo wako. Tuko pamoja nawe katika kipindi hiki kigumu."

Mama mmoja wa Butiama alinijia, ameshika kamba ya maksai wake kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine.

"Mwanangu, simu inasema huyu amekufa."

"Naona, mama."

"Unaona simu au unaona ng'ombe?"

"Naona vyote, mama. Nisamehe, ni mashine."

"Basi iambie hiyo mashine anakulaga sana kwa maiti." Yule maksai, kama wa kumuunga mkono, alikuwa ameshanyofoa kipande cha turubai letu.

Lakini mzaha ulikuwa na mwisho. Huduma ya Vyeti haikutoa cheti kwa ng'ombe aliyekufa, na hapo ilikuwa na haki. Wanunuzi wakaanza kukunja miwani. "Mimi sinunui marehemu," mmoja akasema, akapanda lori lake kukaa. Watu waliokuwa wametembeza ng'ombe tangu jana yake wakaanza kuinua sauti, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kizanaki na Kikurya, na katika lugha hizo mimi nilielewa ya kutosha kutamani nisielewe.

Nikamtazama Daktari. Alikuwa amewageukia wageni, fimbo ya kuonyeshea mkononi, uso umetulia.

"Hapa mnaona nguvu ya usanifu huu," alikuwa anasema. "Huduma moja imeanguka. Lakini tazameni: nyingine zote zinaendelea."

Ilikuwa kweli. Zilikuwa zinaendelea.

Nilichukua laptopu nikaenda kwenye pikapu ya bwana mifugo, nikachomeka printa kwenye umeme wa gari, nikaliwasha jabali. Liliamka kama lilivyoamka siku zote, polepole, bila makeke. Bwana mifugo akawa anasoma namba za hereni kwa sauti, mimi nachapa. Ng'ombe wa kwanza kufufuka alikuwa maksai wa yule mama. Foleni ikajipanga yenyewe. Nilikuwa na hasira iliyonifanya nichape haraka, na chini ya hasira, nikiri, kulikuwa na raha.

Vyeti vilipoanza kuzunguka uwanjani, Daktari alikuja na wageni nyuma yake.

"Na sasa," akawaambia, "mnaona mfumo umejiponya."

"Daktari," nikasema, "huu ni ule wa zamani."

Akaniinamia sikioni. "Usiseme wa zamani. Sema njia mbadala."

Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, aliuliza mfumo ulichukua muda gani kujiponya. Daktari akatazama saa yake kwa uzito, akaandika.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa nasimulia kichekesho tu. Jioni ile watu walicheka kweli. Nyasura majirani walikwenda kwa mzee mmoja kumhani, wakamkuta anakunywa uji, wakakaa wakanywa naye. Vijana wa bodaboda wakawa wanasalimiana, "Pole kwa kuondokewa," na kuitikiana, "Tuko pamoja."

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwepo mnadani. Alikuwa mkulima wa pamba mwenye zizi dogo, mzee mpole aliyekuwa ananiita binti. Siku ile alikuwa Kisorya anasubiri feri ya kwenda Ukerewe. Dada yake aliolewa huko, alikuwa ameugua muda mrefu, na asubuhi hiyo watoto wake walikuwa wamepiga simu: mjomba, njoo, anakuulizia. Feri ilikuwa inakaribia gati simu yake ilipoanza. Pole ya kwanza aliidhani kosa. Ya pili ilikuwa ya ng'ombe wake wa maziwa. Ya tatu, ya nne, mpaka zizi likaisha. Akapiga nyumbani, simu haikupatikana. Mtu akiambiwa ng'ombe wake wote wamekufa kwa mara moja hafikirii kanzidata. Anafikiria ugonjwa, au sumu, au watu wenye mapanga. Aligeuka, akapanda bodaboda, akarudi.

Aliwakuta wanakunywa maji.

Kesho yake alivuka. Dada yake alikuwa ameshafariki.

Nilizipata habari hizi kwa bwana mifugo, na siku hiyo sikuweza kuandika mstari hata mmoja. Nilimpigia Daktari. Alisema inasikitisha sana, na je, yule mzee anaweza kuhojiwa?

Wiki chache baadaye ushirika uliitisha mkutano Butiama, kwenye ukumbi wa parokia. Daktari alikuja na slaidi. Nilimwomba asije nazo. Alisema wadau wana haki ya kuona matokeo. Akaonyesha mstari uliopanda, akaonyesha mstari ulioshuka, kisha akafika kwenye Huduma ya Rambirambi, na sauti yake ikapata joto. "Hii ndiyo iliyofanya vizuri kuliko zote. Ujumbe wote uliwafikia walengwa."

Yule mzee akasimama nyuma ya ukumbi, akavua kofia.

"Mimi ndiye mlengwa," akasema.

Akasimulia, bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni: gati, simu, bodaboda, ng'ombe wanakunywa maji. Alipomaliza, Daktari alikuwa ameshusha fimbo yake.

"Pole sana, mzee wangu."

"Hiyo nimeshapata," mzee akasema. "Nimepata ya kila ng'ombe. Ya dada yangu ndiyo sijapata."

"Naomba nikupe sasa."

"Sio hapa. Utakuja nayo Ukerewe. Uwaambie watoto wake kwa nini mjomba wao alichelewa. Mimi nimewaambia, wanaona kama natunga."

Mwenyekiti wetu, mama anayeendesha vikao kwa kugonga meza na funguo za trekta, akagonga. Akasema ushirika unaunga mkono, na mpaka Daktari atakapokwenda, hatapata taarifa ya ng'ombe hata mmoja, hai wala maiti. Daktari akanitazama mimi, kama vile nina huduma ya kumwokoa. Sikuwa nayo.

Tulivuka watatu. Njia nzima ya kwenda Kisorya Daktari alikuwa ananong'ona peke yake, anafanya mazoezi. Alivaa suti. Upepo wa ziwa ulikuwa unaipepea tai yake ikampiga mdomoni, naye anairudisha, ikampiga tena, na mzee alikuwa anatazama hayo kwa utulivu wa mtu mwenye siku nzima.

Watoto wa marehemu walitupokea uani, tukakalishwa kwenye viti. Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa makamo, mchuuzi wa dagaa, mikono bado ina magamba. Mzee akasema, "Huyu ndiye yule wa simu."

Daktari akasimama. "Katika mifumo iliyosambazwa," akaanza, "kunapotokea mgawanyiko wa mtandao..."

"Baba," yule mwanamke akamkatiza, kwa heshima kabisa, "sema ilivyokuwa."

Akaishika tai yake. Halafu akasema, na tangu nimfahamu ndiyo ilikuwa sentensi yake fupi kuliko zote, "Mashine yangu iliuliza, haikujibiwa, ikasema ng'ombe wamekufa. Mimi ndiye niliyeiambia iseme hivyo."

"Sasa mtu asipopokea simu yako, wewe unajuaga amekufa?"

"Hapana."

"Mama alikuwa anamwita huyu mjomba mpaka sauti ikaisha. Hakusema amekufa. Alisema atakuja tu."

Daktari alikaa chini. Sikumtazama usoni, nilitazama viatu vyake. Mzee aliweka mkono kwenye bega la mpwa wake, akauacha hapo. Baadaye tulipelekwa kwenye kaburi, udongo bado mwekundu, na Daktari akatoa pole yake, ya maneno machache, hata sikuyasikia yote. Kisha tukalishwa sato na ugali wa muhogo, kwa sababu hata mtu wa namna ile akifika kwenye msiba anakula. Alikula sana. Alisafisha mifupa kama mtoto wa kwao Ukerewe, na wakamwongeza.

Kwenye feri ya kurudi alikuwa anatazama maji. Nikaanza kufikiri kwamba nimemwonea muda wote ule, kwamba chini ya suti kulikuwa na mtu. Tulipokaribia gati alinigusa mkono.

"Unajua, dada," akasema taratibu, macho yanang'aa, "hapa kuna pepa."

Mzee akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema samaki walikuwa watamu, baba."

"Walikuwa watamu," mzee akakubali.

Pepa, yaani makala ya utafiti, ikatoka kweli, kwenye jarida la nje. Daktari alinitumia kwa barua pepe na kunipongeza, ingawa wakati huo nilikuwa nimeshaacha ile kazi na ushirika ulikuwa umeshazima mashine za Butiama na Musoma. Niliisoma yote. Yule mzee wa feri hakuwemo. Kulikuwa na aya ndefu juu ya mfumo kujiponya katika mazingira magumu ya vijijini, na mchoro ule ule wa visanduku. Ila sasa palikuwa na kisanduku kipya pembeni, chenye mstari wa nukta nukta, kimeandikwa Huduma ya Dharura. Nilikitazama muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba ni mimi, kwenye pikapu, na printa mapajani.

Jumamosi nilikwenda Suguti kumsalimia mama. Alikuwa anamenya muhogo, akasikia nimeandikwa kwenye jarida la Wazungu, akafuta mikono, akataka kuona. Nikamwonyesha kwenye simu.

"Wewe ni kipi hapo?"

"Hiki hapa, mama."

Akaisogeza simu karibu na uso, akaisogeza mbali.

"Mbona wamekuchora mdogo hivyo," akasema, "na mwenyewe umenenepa?"